Wachumba wa Koti la Buluu

Germain alijua mambo mengi kuhusu nondo na jambo moja tu kuhusu posa: mposaji hasemi. Anavaa vizuri, anakaa wima, anatazama sakafu. Maneno yote ni ya msemaji wake. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa nafuu. Kwa Germain ilikuwa adhabu. Alifundisha elimu ya viumbe katika shule moja ya sekondari mjini Likasi, na haikuwahi kutokea mtu akamuuliza saa asielezwe kwanza jinsi dunia inavyozunguka.

Msemaji wake alikuwa kaka yake Étienne, dereva wa treni ya mizigo. Étienne alikuwa na sauti iliyozoea kushindana na injini, na tumaini kubwa katika methali. Zile alizozisahau alizitunga palepale. Kuhusu wadudu alijua kwamba wengine huliwa na wengine huuma, na hakuona haja ya kujua zaidi.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mwaka wa 1970, mvua za kwanza zimekwisha kulainisha ardhi. Ndugu hao wawili walikuwa wakienda mtaa wa Kikula, nyumbani kwa Mama Berthe, kumwomba binti yake Martine. Baba wa binti alikuwa amefariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mjomba, Barnabé. Huyu alikuwa mkuu wa zamu katika sehemu ya asidi ya kiwanda cha Shituru, na vilevile kiongozi wa chama mtaani. Hakuficha kwamba moyo wake ulikuwa kwa Théodore, karani wa bohari, kwa sababu Théodore alikuwa na friji.

“Friji unaifungua, unaona kilichomo,” alikuwa amemwambia dada yake. “Mwalimu utamfungua wapi? Nitamsikiliza Jumamosi kwa ajili yako. Akikosea kidogo tu, Jumapili baada ya misa namwambia Théodore alete watu wake.”

Martine alizifikisha habari hizo kwa Germain bila kuzipunguza, akaongeza agizo lake mwenyewe: “Usieleze kitu. Kitu chochote. Hata kama nyumba inaungua, usieleze moto ni nini.”

Germain aliahidi. Tatizo halikuanzia kinywani mwake. Lilianzia kwenye koti.

Alikuwa na koti moja tu la maana, la sufu, la buluu. Lilining’inia kwenye msumari ukutani, na chini ya msumari huo lilikaa sanduku la udongo. Ndani ya udongo alikuwa amezika mabundo ya nondo wakubwa wa porini, wale ambao viwavi wao hukaushwa na kuuzwa sokoni. Watu wa Likasi hula viwavi hao kwa furaha na hawana shughuli na wazazi wao. Germain alitaka wanafunzi wawaone wazazi. Usiku wa Ijumaa nondo wa kwanza, jike, alipasua bundo, lile ganda ambamo kiwavi hugeuka nondo, akatoka. Nondo aliyezaliwa leo ana mabawa yaliyokunjamana kama barua iliyolowa. Ni lazima apande juu, aning’inie, ayanyooshe na kuyakausha. Jike huyu alipanda hadi alipopata kitu cha kushika. Alishika koti, upande wa ndani, chini ya kwapa. Akaning’inia hapo usiku kucha na mchana uliofuata.

Germain aliporudi kwa kinyozi na kumwona, karibu acheze. Alimhamisha kwa vidole viwili, akamtia katika kopo la maziwa ya unga, akafunika. Kisha akavaa koti.

Jumatano ya wiki hiyohiyo alikuwa amewasomea wanafunzi maneno haya, mara mbili, ili waandike vizuri: nondo jike hamtafuti dume, hukaa alipo na kutoa harufu kutoka ncha ya tumbo lake. Dume huisikia akiwa mbali sana, hata kilomita kadhaa, akaifuata dhidi ya upepo. Na pale alipokaa jike huendelea kuita hata akiwa mwenyewe hayupo. Wanafunzi waliandika. Mwalimu alisahau.

Saa kumi na mbili jioni walipokelewa. Sebule ya Mama Berthe ilikuwa na viti vinne, taa moja ya umeme, na picha ya Mkuu wa Nchi ambayo Barnabé aliileta mwenyewe na kuipigilia mwenyewe. Mama Berthe alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, mbali na Germain, kwa sababu ya bukwe. Hiyo ndiyo heshima kati ya mkwe na mama mkwe, na katika nyumba ile ilikuwa kali. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hali mbele yake. Hakohoi ovyo. Na havui nguo yoyote mbele yake, hata kofia, mpaka mahari iwe imepokelewa. Germain alifahamu yote hayo. Alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti.

Étienne alisimama, akasafisha koo.

“Chef Barnabé. Mama. Shiye tumetoka mbali kidogo. Bantu ba reli tuko na neno: treni haisimame bure mu pori. Kama imesimama, ujue kule iko gare, pahali ya kushukia.”

“Na shiye tuko na neno,” alijibu Barnabé. “Gare haipokee kila treni. Inauliza kwanza: imebeba nini?”

“Imebeba mudogo wangu. Mwalimu. Muntu mupole. Hakunywe, hapigane, hasemi sana.”

Nyuma ya pazia la jikoni, Martine alikohoa.

Mambo yalikuwa yakienda vizuri. Barnabé aliuliza kuhusu ukoo, Étienne alijibu. Aliuliza kuhusu nyumba, Étienne alijibu. Mama Berthe alitikisa kichwa mara mbili kwa kuridhika. Hapo nondo mkubwa kama kiganja, mwenye rangi ya kutu na duara mbili kama macho kwenye mabawa, aliingia dirishani. Alipita taa bila kuisalimu, akatua kwenye kifua cha Germain.

Germain alimtazama. Aliviona vipapasio vyake, vipana, kama manyoya mawili ya ndege. Dume. Moyo wake mara ukaruka kwa furaha, mara ukaanguka, kwa sababu wakati huohuo alilikumbuka koti.

Wa pili akaingia. Wa tatu. Wanne kwa pamoja.

“Ni taa,” alisema Mama Berthe. “Bududu banapenda taa. Martine, zima!”

Martine alitoka jikoni, akazima. Gizani ilisikika sauti ya mabawa, kama mtu anayepekua magazeti kwa haraka. Mtu alipiga chafya. Martine akawasha. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ulirudi na nguvu zake zote, ukaonyesha kwamba kwenye taa hapakuwa na nondo hata mmoja. Wote walikuwa juu ya Germain, na idadi yao imeongezeka. Walitembea kifuani, mabegani, wakijaribu kujipenyeza kwapani.

Mmoja tu ndiye aliyepotea njia. Alitua kwenye picha ya Mkuu wa Nchi, katikati ya paji la uso.

Mama Berthe, ambaye katika nyumba yake mdudu hakuwahi kuona Jumapili, alikuwa amekwisha kuvua kiatu na kukiinua.

“Berthe!” Barnabé alipaza sauti. “Utapiga nani?”

Kiatu kilibaki hewani. Watu wote walikitazama kiatu, kisha wakaitazama picha, kisha wakalitazama dirisha lililo wazi. Mama Berthe alikishusha polepole na kukivaa.

“Apumzike,” alisema.

Barnabé alimgeukia Étienne. Uso wake ulikuwa umekwisha kuhamia kwa Théodore.

“Msemaji. Minye niko muntu wa chama, siogope bintu ya bure. Lakini babu yangu alisema: kipepeo ya usiku ni mufu anatafuta deni yake. Moja, ni bahati mbaya. Hawa bote? Mudogo wako amefanya nini? Ameua nani?”

“Hapana, Chef! Bon, ngoja kidogo.” Étienne aliinama kwa ndugu yake. “Sema haraka. Umefanya nini?”

Germain alinong’ona. Alinong’ona kwa mpangilio, kama ilivyo katika somo. “Yaya,” alimwita, yaani kaka mkubwa, “hao ni madume. Jike alining’inia kwenye koti langu tangu jana, akaacha harufu yake. Hawaisikii kwa pua. Wanaisikia kwa vipapasio, yale manyoya kichwani. Yana vinywele maelfu, na vinywele hivyo vinangoja harufu moja tu duniani.”

Étienne alifikiri kama anavyofikiri mbele ya taa ya reli asiyoielewa. Kisha akaamua kupita.

“Mudogo wangu anasema: hawa bote ni banaume. Banatafuta bibi. Na banasikia harufu na ndevu.”

“Na nini?”

“Na ndevu, Chef.”

Barnabé aligusa kidevu chake bila kukusudia. “Bibi gani?”

“Ile ya jana. Ililala mu koti ya mudogo wangu.”

Martine alijifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yake yalitikisika, na Germain hakuweza kujua kama analia.

“Bibi,” alisema Barnabé taratibu, “alilala mu koti.”

“Bibi ya mududu!”

“Bibi alifika kwanza. Mududu amekuya nyuma, kama wagon ya mwisho. Minye nimesikia namna maneno yalivyofuatana.”

Germain alifungua kinywa. Étienne alimkanyaga mguu. Alikifunga, akanong’ona tena, safari hii bila mpangilio wowote. Ni harufu tu, ni harufu tu.

“Harufu,” alitangaza Étienne. “Yote ni harufu.”

Hapo Barnabé alitabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile. Walikuwa wameingia katika himaya yake.

“Harufu? Vizuri. Hii pua,” alisema, akiigonga kwa kidole, “iko na miaka mingi ku asidi ya Shituru. Bomba ikitoboka, mainjinia banatazama mashine. Minye nanusa. Banatazama saa nzima, halafu banakuya kuniuliza: Barnabé, ni wapi? Lete koti hapa.”

Germain aliinuka, kwa kuwa koti lilikuwa limemvaa. Barnabé aliinama, akanusa kola. Akanusa mfuko. Nondo waliinuka kidogo kumpisha, wakatua tena. Alifumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

“Nafutalini,” alisema. “Sabuni ya kufulia. Jasho ya woga. Bibi hakuna.”

“Mwambie,” alinong’ona Germain kwa uchungu, “kila kiumbe kina milango yake. Pua ya mtu haina mlango wa harufu hiyo.”

“Mudogo wangu anasema, na heshima yote,” alisema Étienne, “pua yako haina mulango.”

“Pua yangu!”

Barnabé alisimama. Alitafuta kofia yake, ishara ya kwamba kikao kimekwisha. Germain alimwona Théodore akiingia nyumba hii kesho baada ya misa, amekumbatia friji. Alihisi maelezo yote aliyoyameza yakimpanda kooni. Alikuwa na mchoro. Alikuwa na mfano wa redio na masafa yake. Ungechukua dakika kumi tu.

Martine alimtazama. Hakuwa akilia. Alikuwa akicheka, na machoni mwake kulikuwa na agizo lilelile: usieleze.

“Tuvue hiyo koti,” alisema Étienne ghafla. Sasa hakuwa akimfasiri mtu. “Tuiweke pembeni. Kama bududu banafuata muntu, batabaki na muntu. Kama banafuata koti, bataenda na koti. Hata mutoto anaweza kuona.”

Lilikuwa wazo zuri, na haliwezekani. Wote waligeuka kumtazama Mama Berthe.

“Hawezi kuvua mbele yangu,” alisema Mama Berthe.

“Basi toka kidogo, dada.”

“Nitoke? Mu nyumba yangu? Tangu Noeli sijaona sinema.”

Walijadiliana. Barnabé alisema desturi ni desturi. Étienne alisema kuna daraja kwa kila mto. Mwishowe Martine alileta kitenge kipana, akashika ncha moja, Étienne akashika nyingine, na ukuta wa maua ya njano ukasimama kati ya mkwe na mama mkwe. Nyuma yake Germain alivua koti, akalitundika kwenye kiti kilicho wazi, akasimama na shati lake kama kuku aliyenyonyolewa.

Nondo waliondoka juu yake. Si mmoja mmoja. Waliinuka wote kama waumini wanaosikia kengele, wakazunguka mara moja chumbani, wakatua kwenye kiti. Kwa Germain hakubaki hata mmoja.

“Voilà!” alisema Étienne.

“Bameenda?” aliuliza Mama Berthe nyuma ya kitenge. “Mushushe kidogo, nione!”

Barnabé alilitazama koti muda mrefu. Lakini kiongozi wa chama hakubali kushindwa na kiti.

“Hii haina maana. Koti ni yake. Dhambi ya muntu inaingia mu nguo yake, kama moshi ya Shituru inaingia mu nguo yetu. Banajua koti ya mukosefu.”

Germain alikata tamaa. Elimu haina jibu kwa mtu anayeweza kuhamisha dhambi kama anavyohamisha mizigo. Lakini Étienne alikuwa mtu wa mizigo.

“Chef amesema vizuri,” alisema kwa upole mkubwa. “Basi iko namna moja ya kumaliza. Muntu mukosefu, banamufuata. Muntu safi, hawamufuate, hata akivaa nini. Na mu hii kartie yetu ya Kikula, muntu safi kupita bote ni nani? Ni weye, Chef. Vaa. Wakikukimbia, shiye tunarudi kwetu, hatutasema tena.”

Kama asingekuwa anatazamwa, Barnabé angepata njia ya kutoka. Lakini dada yake alikuwa akimtazama juu ya kitenge, mpwa wake akimtazama pembeni mwa kitenge, na Mkuu wa Nchi akimtazama kutoka ukutani, nondo kwenye paji.

“Lete,” alisema.

Koti lilikuwa dogo. Aliingia kwa nguvu, mkono wa kwanza, mkono wa pili. Ili kuonyesha kwamba haogopi, alifunga kifungo cha katikati. Kilifungika kwa shida na kuapa kutofunguka tena.

Kwa pumzi moja hakuna kilichotokea. Barnabé alianza kutabasamu. Kisha nondo wakamtua kifuani, mabegani, mgongoni, na kwa kuwa giza sasa lilikuwa limekamilika na upepo ulitoka upande wa nyumba kwenda vilimani, wageni wapya wakaingia dirishani kwa makundi. Mmoja alimtua puani. Mwingine aliingia kwapani na kuanza kupiga mabawa kwa matumaini.

“Toa!” alisema Barnabé. “Toa hii!”

Étienne alivuta kifungo. Kifungo kilikataa. Barnabé, mwenye kicheko cha kwapa na hasira ya kichwa, alipita mlangoni akatoka uani.

Jumamosi jioni Kikula yote huwa nje. Watu walikuwa wamekaa kando ya mbabula, majiko yao ya mkaa, sufuria zikichemka. Walimwona kiongozi wao akija mbio ndani ya koti linalombana, akifuatwa na wingu.

Mama Clémentine, jirani wa mkono wa kuume, ndiye aliyepata sauti kwanza.

“Chef! Nani amekufa?”

“Hakuna amekufa!”

“Basi banakudai nini, Chef?” aliuliza mwingine.

“Mukaribie pole pole,” alisema wa tatu. “Hii si bintu ya muchana.”

Barnabé alisimama katikati ya uwanja. Aliwatazama watu wake. Alisikia mnong’ono ukianza kutembea kutoka mbabula hadi mbabula, na alijua mnong’ono huo utafika Shituru kabla ya zamu ya kwanza. Germain, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliuona uso wa mtu anayechagua, na anayechagua haraka.

“Ni harufu!” alipaza sauti Barnabé. “Musikie bote! Ni harufu tu! Bibi ya mududu ililala mu hii koti. Hawa bote ni banaume. Banasikia harufu kutoka mu pori, mbali, na ndevu yabo!”

“Na nini, Chef?”

“Na ndevu! Tazama!” Alimshika nondo mmoja, akamwinua kwenye mwanga wa mlango. “Hii hapa, kama manyoya. Ndani iko na vinywele mingi sana, inangoja harufu moja tu. Dhambi hakuna! Mufu hakuna! Ni siyansi!”

Germain alisikiliza kwa mdomo wazi. Hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kulielewa somo lile vizuri hivyo.

“Na mwenye koti?” aliuliza Mama Clémentine. “Yule mwalimu? Yeye pia hana kosa?”

Barnabé aliona mtego baada ya mguu kuingia.

“Mwalimu,” alisema, “iko safi. Safi kama minye.”

Hapo Mama Berthe alijitokeza mlangoni. Alikuwa amejitanda kitenge cha maua ya njano, na alizungumza kwa sauti ya mwanamke aliyeuza samaki sokoni maisha yake yote.

“Majirani! Mumesikia neno ya yaya yangu?”

Majirani walikuwa wamesikia.

“Aksanti. Basi turudi ndani, yaya. Tulikuwa tunapokea posa.”

Walikikata kifungo kwa mkasi wa Martine. Koti lilitundikwa kwenye kamba ya nguo, mwisho wa ua, na wachumba wake wakalifuata huko. Ndani, Étienne aliimalizia methali yake ya gare, nyingine ya daraja, na ya tatu ambayo hakuna aliyeielewa lakini wote waliipigia makofi. Barnabé alikubali posa kwa maneno machache na uso wa mtu ambaye wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Alikunywa bia yake. Nafsi yake ilirudi mahali pake kidogo kidogo, na ilipokwisha kurudi yote, aliweka glasi chini.

“Kusema kweli,” alisema, “minye niliisikia. Ile harufu. Mara ya kwanza, pale nilinusa. Nilinyamaza tu, niwajaribu. Pua ya Shituru haidanganyike.”

Germain alijua kwamba hilo haliwezekani. Pua ya mwanadamu, iwe ya Shituru, iwe ya Roma, haina hata kinywele kimoja cha kuipokea harufu ile. Lilikuwa jambo rahisi, na la kupendeza sana, na wakati huu lingechukua dakika tano tu. Alifungua kinywa.

Martine alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sahani mikononi. Alimtazama.

Germain alikifunga kinywa. Aliinama sikioni kwa kaka yake, akakaa hapo kitambo, asinong’one kitu.

Étienne aliitikia kwa kichwa, kwa uzito, akawageukia wenyeji.

“Mudogo wangu anasema,” alitangaza, “ile ni kweli kabisa.”